Kanga ya Shangazi Mwanakombo

Siku hizi maneno ya kanga ni mali ya aliyeyasajili kwanza, na kitambaa chenyewe ndicho askari. Akiivaa mtu mwingine bila ruhusa, maandishi hufifia hadi yakapotea.

"Nimekupa kigoda, mkeka niachie" aliyatunga shangazi yangu, Bi Mwanakombo, jikoni akipepeta mchele. Tulicheka sana. Jioni ile ile nikayasajili kwa jina langu, wala sikumwambia.

Kwenye arusi ya binti yangu tulivaa sare, kanga ya maneno hayo. Shangazi alipoinuka kumfukiza bibi arusi udi, ukumbi mzima ukaona kanga yake haina hata herufi moja.

"Mtu mzima yule, kaiba maneno!" mmoja akaguna.

Shangazi akanigeukia. "Mwanangu, hukuniombea ruhusa kwa huyo aliyeyasajili?"

Wageni wote arobaini niliwaandikia ruhusa. Jina lake tu sikuliandika, kwa sababu moyoni nilijua yeye mtunzi haihitaji.

"Nilisahau, shangazi," nikasema, macho chini.

Nikavua kanga yangu ya juu, nikamfunga kiunoni. Nayo ikafutika.