Jina Chini ya Ukurasa

"Papa Firmin, jina lako tuliweke kubwa kiasi gani?"

Firmin alitazama kioo cha kompyuta. Miaka kumi na tisa alikuwa amelisubiri swali hilo. Sasa limekuja, naye alilisikia kama linaulizwa mtu mwingine aliyesimama nyuma yake.

"Eish, papa!" Alexis alicheka. "Kila siku unanisumbua: Alexis, niwekee hata kwa herufi ndogo, hata kwa wino hafifu. Leo ruhusa imetoka, umeganda kama robot, taa ya barabarani, umeme ukikatika."

Alexis alikuwa na duka la kuchapa na fotokopi chini ya ghorofa moja ya Joubert Park, jijini Johannesburg. Alikuwa amerudi kutoka Durban asubuhi hiyo hiyo, begi lake lingali mlangoni. Firmin alikuwa mteja wake wa zamani kuliko mashine zake zote. Mkongo yeyote wa mitaa ile aliyefiwa alimtafuta Firmin amwandikie wasifu wa marehemu: ukurasa mmoja, dakika nne, wa kusomwa kanisani na kugawiwa watu. Hakuwa ameajiriwa na yeyote. Aliitwa, akaandika, akaenda zake. Na chini ya kila ukurasa palikuwa na maneno yale yale: Imeandikwa na familia.

Jambo hilo lilimkereketa. Mwaka mmoja, mtaa wa La Rochelle, mjomba wa marehemu alisoma kazi ya Firmin mpaka kanisa zima likalia, kisha akapangusa uso na kusema, "Nimekesha nikiandika." Firmin alikuwa kwenye kiti cha nyuma kabisa. Siku ile alirudi nyumbani Troyeville kwa miguu, na hasira haikuisha njiani. Kesho yake alimwendea Pasta Marcellin kuomba jina lake liwe linatajwa.

"Msiba una wenyewe, ndugu yangu," pasta alimjibu. "Wewe ni fundi. Aliyetengeneza jeneza naye haandiki jina lake juu ya kifuniko."

Na jana pasta huyo huyo alimpigia simu. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Ndugu Firmin, wazee wa kanisa wamekubali. Safari hii jina lako liandikwe chini ya ukurasa, na mimi mwenyewe nitalitaja mbele ya watu."

"Asante," Firmin alisema, akaendelea kuchonga penseli.

Kazi aliianza kama anavyoianza siku zote. Alivaa koti, akachukua daftari, akaketi mbele ya mama wa marehemu. Victorine alikuwa kwenye godoro lililotandikwa sakafuni, katikati ya wanawake wa kwaya, kitenge kimemfunika mabega. Firmin alifungua ukurasa wa maswali. Alikuwa nayo kumi na moja, aliyatunga mwenyewe, na hata siku moja hayakumtupa.

"Mama, alipenda nini kuliko vyote?"

Victorine alimtazama. "Unaniuliza mimi?"

Mwanamke mmoja aliinamisha uso. Mwingine aliinuka, akamwondolea Firmin daftari mkononi taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Firmin hakukasirika. Maswali kumi yaliyobaki hakuyauliza.

Aliandika moja kwa moja, bila kufuta. Kwamba Carmel alisuka nywele kando ya bustani ya Joubert Park, na vidole vyake havikumuumiza mtu kichwa. Kwamba aliulizwa kwa Kiswahili akajibu kwa Kiingereza, lakini akikasirika Kiswahili chote kilimrudia. Kwamba alikula achari ya embe kwa kijiko, kutoka kwenye chupa, wala haambiliki. Kwamba alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na homa ilimmaliza kwa siku nne. Alipofika mwisho alihesabu mistari: thelathini na miwili. Akajisomea huku akitazama saa: dakika nne kasoro kidogo. Akaona ni kazi safi.

"Haya, nyumbani wazima?" Alexis aliuliza huku akivuta kiti.

"Mama yupo."

"Sharp, vizuri."

Alexis hakuwahi kusoma hata ukurasa mmoja wa Firmin. Alisema akisoma vifo vya watu chakula hakimshuki. Aliteremka mpaka mwisho wa maandishi, akafuta Imeandikwa na familia, na kishale kikabaki kinawakawaka mahali patupu.

"Picha?"

"Pasta ataileta."

"Basi twende. Imeandikwa na... na nani? Litamke mwenyewe, papa, uonje utamu wake."

Firmin aliisubiri furaha. Haikuja. Wala uchungu haukuja. Alisikia tu mashine ya fotokopi ikivuma pembeni, na mtu nje akiuliza bei ya chaja.

"Rudisha ulichofuta," alisema.

"Papa!"

"Rudisha. Imeandikwa na familia."

Alexis aligeuza kiti chake kizima. "Miaka kumi na tisa, papa Firmin! Pasta mwenyewe amekubali, na wewe ndiye unayekataa? Watu watalionaje jina lako?"

"Limo tayari."

"Wapi?"

"Mstari wa kwanza."

Alexis alitikisa kichwa, akapandisha ukurasa mpaka juu, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akasoma kwa sauti:

"Carmel alizaliwa hapa Johannesburg, mtoto wa pekee wa Victorine na mumewe Firmin, mwandishi."