Kigoda cha Nzembi

Gari halijazimwa vizuri Mumo akakiona kile kigoda, na moyo ukamshuka. Kumbe nyanya yake, Susu Nzembi, alikuwa amekipakata chini ya leso safari nzima kutoka Kitengela. Kigoda cha miguu mitatu, cha aina ile ambayo kwa Wakamba hukaliwa na wazee wa kiume tu. Bibi mzima, anaenda kwenye posa ya watu na kigoda cha wanaume! Watu watasema nini?

Na leo haikuwa siku ya mchezo. Wazee wa Soipan, msichana aliyetaka kumuoa, hapa nje kidogo ya mji wa Kajiado, wangemkubali Mumo au wangemrudisha alikotoka. Kwa hivyo mama ya Soipan alipokuja kuwapokea na kuuliza huyu yeiyo, huyu mama, ni nani kwa kijana, Mumo alijibu kabla mtu mwingine hajafungua mdomo.

"Huyu ni mama wa kutusaidia kazi za nyumba."

Susu alikikumbatia kigoda chake, akawafuata wanawake jikoni.

Aibu ilimchoma Mumo mpaka masikioni, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Tusimwonee sana, aibu ndiyo iliyomlea. Shuleni kila mtoto alibeba jina la babake, naye aliitwa Mumo Nzembi, jina la mwanamke, na darasa zima likamcheka kwamba hana baba. Alipomuuliza mamake, Mwongeli, mama alinyamaza. Akanyamaza hivyo hivyo mpaka akafa.

Baada ya mazishi, Mumo, fundi wa mageti ambaye Kitengela nzima ilikuwa ikimtafuta miaka hiyo ya watu kujenga, aliacha mageti nusunusu akawa wa kukaa akiangalia ukuta. Usingizi ulimhama. Chakula kikawa hakipiti. Soipan ndiye aliyemshika mkono akampeleka kliniki, na huko muuguzi mmoja, Tabitha, akampa dawa, akamsikiliza sana, kisha akamwambia jambo ambalo hakulitarajia: nenda kwa watu wako, uwaulize wao ni nani. Mkataa kwao ni mtumwa, alisema, na asiyekujua kwao hana nafuu.

Basi Mumo akawa anaenda Machakos kwa mjomba wake Katee, kaka ya Mwongeli. Wakipukuchua mahindi, Katee alimtajia ukoo wote: nani alifuga nyuki, nani alitembea kwa miguu mpaka Magadi kutafuta kazi ya chumvi, nani alicheza ngoma hadi akavunjika mguu na bado akadai ngoma iendelee. Mumo alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Akirudi Kitengela, alilala. Mageti yakaanza kusimama tena.

Ila mazungumzo yakifika kwa baba, Katee alifunga mdomo. Mwongeli aliolewa kwa heshima, alisema, na mbuzi wa mwisho wa mahari nilimla mimi mwenyewe. Mengine kamuulize Nzembi.

Mumo akamuuliza. Susu akamsogezea sahani.

"Baba yako hajawahi kukuacha," akasema. "Kula."

Mumo alidhani bibi anamficha mwanawe aliyetoroka. Lakini siku moja Katee akateleza ulimi, akasema Nzembi hakujaliwa kuzaa hata mmoja. Hapo hesabu za Mumo zikavurugika. Kama hakuzaa, basi hata si nyanya yake. Ni mwanamke tu aliyewapa yeye na mamake pa kulala. Ndiyo, mama alikuwa akimnawisha Susu mikono na kumpakulia kwanza, tena kidari, lakini hiyo Mumo aliihesabu kuwa shukrani ya mpangaji. Ndiyo maana lile neno la mama wa kazi lilimtoka upesi namna ile.

Sasa wazee walikuwa wameketi kwenye kivuli cha nyumba, vikombe vya chai mkononi. Mzee Kisemei, babake Soipan, aliuliza ni nani anayesimama na kijana. Katee akajitambulisha. Kisemei akatikisa kichwa polepole. Mjomba ni wa upande wa mama, alisema, hawezi kuposea nyumba ambayo si yake.

Kisha akamgeukia Mumo.

"Mimi sitafuti aliyekuzaa, kijana. Hiyo Mungu anajua. Niambie ni nani alitoa ng'ombe za mama yako. Huyo ndiye baba. Kama hakuna, hizi blanketi za posa mlizoleta niko na haja nazo gani?"

Soipan, aliyekuwa amesimama mlangoni, akainamisha kichwa. Mumo alitamani ardhi ipasuke immeze. Ukuta ule aliokuwa akiukodolea macho Kitengela aliuona tena mbele yake.

"Sijui," akasema kwa sauti ndogo.

Katee alikohoa, akaweka kikombe chini. "Aliyetoa yuko," akasema. "Tumekuja naye."

Mumo akageuka upesi, akatafuta kati ya wanaume waliokuja naye uso ambao labda hakuwahi kuutazama vizuri. Wote aliwajua. Hakuna aliyeinuka.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Susu Nzembi alitoka akijipangusa mikono kwa leso, macho mekundu kwa moshi. Hakumwangalia Mumo. Aliweka kigoda chake katikati ya wazee, akakikalia.

"Mnisamehe wazee, nimechelewa, nilikuwa nasaidia kazi," akasema. "Huyu kijana ni wangu. Kwetu mwanamke asiyejaliwa kuzaa huweza kutoa mahari akaoa mke wa kumzalia nyumba. Mama yake nilimuoa mimi."