Duma Ajaribu Gari la Nungunungu

Hapo zamani wanyama walipoendesha magari, Nungunungu, fundi mwoga kupindukia, aliunda gari la mashindano. Duma, dereva mwenye majivuno, akaitwa kulijaribu katika njia yenye kona kali kando ya korongo. Fundi akaketi ubavuni mwake.

"Bwana Duma, pale konani tafadhali ukanyage breki."

"Breki ni za waoga, fundi," Duma akajibu, akaliondoa gari kwa kishindo.

Kona ilipokaribia na mwendo haukupungua, Nungunungu aliingiwa na hofu, miba yake yote ikasimama. Duma akachomwa mbavuni, akakanyaga breki kwa miguu yote minne. Gari likasimama ukingoni mwa korongo.

Waliporudi, wanyama wakamwuliza gari linakimbiaje.

"Mbio zake bado sijazijua," Duma alisema huku akichomoa miba. "Lakini breki zinashika."