Mafundo Matatu

"Bibi, nakutajia vitu vitatu, baadaye nitakuuliza," alisema nesi. "Ndimu, ufagio, mlango."

Bi Rukaya alivuta ncha ya kanga yake, akafunga fundo moja, la pili, la tatu. Ndivyo alivyotunza mambo yake tangu ujana.

"Ee bibi, mbona unaibia mtihani?"

"Kwani umesema ni marufuku?"

Nesi akacheka. Saumu, bintiye Bi Rukaya, hakucheka. Alikaa kando, funguo za nyumba ya mamake mkononi. Yeye na mamake walishakubaliana huko nje: mama akifaulu kipimo, anarudi kwake, akishindwa, anahamia kwa Saumu na nyumba inafungwa.

Nesi akauliza siku, akauliza mwezi. Bi Rukaya alijibu polepole, kama anayemjibia mtu mwingine.

"Haya, vile vitu vitatu?"

Akalifungua fundo la kwanza. "Ndimu."

Akalifungua la pili. Akaipapasa mikunjo ya kitambaa, akaigeuza upande wa pili.

"Hapa niliweka kitu."

"Kitu gani, mama?" Saumu alisogea. "Kile unachofagilia…"

"Usimsaidie, dada," alisema nesi.

Bi Rukaya aliwatazama wote wawili.

"Na la tatu, bibi?"

"Hili nitalifungulia nyumbani."

Saumu alizitazama funguo. "Nyumbani wapi, mama?"

Bi Rukaya alilipeleka fundo la tatu mdomoni, akalikaza kwa meno.