Umri wa Maji ya Mgeni

Siku hizi mgeni hapewi maji kabla ya kutajiwa umri wa maji hayo. Ndiyo sheria. Kila bomba lina mita inayosoma isotopu, atomi zinazoonyesha umri wa maji, na kusema mvua iliyozaa maji hayo ilinyesha lini.

Mita yangu ilizoea kusoma miaka tisa, kumi. Asubuhi alipokuja mama mkwe wangu, Yulitha, ilisoma elfu kumi na moja. Nikaigonga kwa kidole. Namba ikabaki ileile.

"Karibu maji, mama," nilisema nikipiga goti. "Yana miaka elfu kumi na moja."

Alicheka. "Kumbe nimewekewa mvua ya kabla ya mababu! Heshima hiyo, Foibe." Akamaliza glasi. "Yana chumvi kidogo, lakini niongezee."

Mimi sikucheka. Mvua za miaka ya karibuni zilikuwa zimekwisha kwenye kisima kinacholisha bomba letu. Tulikuwa tumefika chini kabisa, kwenye maji ambayo hakuna mvua inayoyarudisha.

Tangu niolewe nilikuwa sijawahi kumpimia mgeni kiasi cha maji. Siku hiyo nilimimina nusu glasi kutoka kwenye jagi, nikaacha.

Mama aliitazama glasi, akaitazama mita. Akanywa funda moja. Yaliyobaki akayarudisha kwenye jagi kwa mkono wake.