Kibao cha L

Trafiki aliisimamisha pikipiki ya Tunu chini ya mlima. Nyuma ya Tunu alikaa baba yake, kifua kimembana.

"Shikamoo, mzee," trafiki akasema. Mzee akafungua mdomo, itikio halikutoka.

"Dada, hicho kibao cha L ni pambo? Mwanafunzi habebi abiria."

"Afande, zahanati ni hapo juu tu."

"Ukiwasha, leseni ya kujifunzia naichukua."

Tunu akashuka, akashika usukani, akaanza kuisukuma pikipiki, baba yake bado juu. Kokoto zikamtelezesha.

"Na sasa naendesha, afande?"

Katikati ya mlima pikipiki ikawa nyepesi. Buti za trafiki zilisikika nyuma, na mzee, kwa pumzi ndogo, akasema, "Marahaba, mwanangu."