Siku Kumi na Mbili za Dada Mtu

Mganga aliiweka sahani ya chakula sakafuni, akaisukuma kwa ncha ya kiatu mpaka kizingitini mwa chumba cha uani.

"Chukua. Usivuke hapo."

Mkono wa mkewe ukatoka, ukaivuta sahani ndani.

Mshona nguo, mdogo wa yule mke, alikuwa amekuja kumjulia dada yake hali. Alisimama uani, akitazama. Hakujua kinachomchukiza zaidi ni kipi, sahani kusukumwa kama ya mbwa au yule msukumaji mwenyewe. Ndevu zake zilishika ugoro na makamasi. Kucha zilijaa mafuta yaliyochacha, na kwa vidole hivyohivyo alikoroga dawa za watu, akazitemea mate ziwe kali.

"Shemeji, dada yangu amekosa nini?"

"Yuko mwezini. Mwanamke wa mwezini akinigusa, akinipikia, hata tukilala chumba kimoja, dawa zangu zinakufa. Ndiyo miiko ya kazi."

"Kwa siku ngapi?"

"Zamani tano. Sasa zinafika kumi na mbili. Na kwa umri ule! Hizo ni nguvu za dawa zangu." Akajikuna kwapa, akanusa vidole. "Lakini uchafu, shemeji. Uchafu mtupu."

Hapo mdogo mtu alishindwa kuvumilia. Alimwambia uchafu anao yeye, kuanzia ndevu mpaka soksi. Alimwambia damu hiyohiyo ndiyo iliyomlea tumboni mwa mama yake, na kwamba kila mteja atakayekuja kupimwa gauni atasimuliwa habari za mganga anayemlisha mkewe sakafuni. Alisema mpaka povu likamtoka.

Mganga hakuzoea kusemwa. Akanywea. Habari ya wateja ndiyo iliyomwingia zaidi.

"Haya, yaishe. Miiko nitaifanyia kafara. Kuanzia leo analala kwangu, awe mwezini asiwe mwezini. Hatoki tena."

Mdogo mtu akaingia chumba cha uani kifua mbele. Kilikuwa kidogo, kimefagiwa kikafagiwa tena. Dirisha lilikuwa wazi, redio ikiimba polepole, na kitanda kimetandikwa shuka jeupe lisilo na hata doa. Dada mtu alikuwa ameketi juu yake, kichwa mikononi. Alikuwa amesikia kila neno.

"Dada, mateso yamekwisha! Na usijali, kwa umri wako hata hiyo damu itakoma karibuni."

Dada mtu akainuka, akafunga mlango taratibu. Alipogeuka, machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Ilikoma kitinda mimba wangu akiwa darasa la tatu," alinong'ona. "Mwezi uliopita tumemwoza."